Selestine Alinipa Simu Nisahau

Niliwadanganya.

Kwa wiki nne mmesoma hapa gazetini kwamba siku kaka yangu Rubeni alipofukiwa na duara, mimi nilikuwa chini kibandani nakoroga uji. Mkanipa pole. Mama mmoja wa Sirari akatuma ujumbe kwamba analia kila akinisoma. Asante, mama. Ulikuwa unalilia uongo.

Sikuwa kibandani. Nilikuwa mdomoni mwa duara, nimeshika kikombe.

Kwa asiyeyajua machimbo yetu ya huku Tarime, jambo hilo litaonekana dogo. Duara ni shimo la dhahabu, na mwanamke hasogelei mdomo wake. Wachimbaji wa kilima chetu wamezungusha uzi mwekundu, na kila mwanamke anayeponda mawe au kuuza chakula anaishia kwenye huo uzi. Akivuka, wanasema, dhahabu inakimbia na udongo unakasirika. Wanaume wanaoogopa kila kitu, kuanzia wake zao hadi mng'oa meno, wametafuta kitu cha kuwatishia wanawake, wakapata uzi wa kushonea magunia.

Nami niliuvuka kwa sababu ya aibu.

Siku ile wanaume wote walikuwa wameshuka kula. Rubeni hakushuka. Alikuwa akijaza kiroba cha mwisho, na kaka yangu akianza kitu hakiachi. Wenzangu, mtu wao asiposhuka, wanasimama kwenye uzi na kuita mpaka kilima kizima kijue nani hajala. Mimi siwezi kuita. Niliacha shule darasa la tano, na hata huko mwalimu aliijua sauti yangu kwa kusikia wengine wakinisemea. Nikatazama huku na huku, nikaona kilima kitupu, nikainua sketi nikavuka. Nilitaka tu kumpa uji mkononi nirudi.

Kilima hakikuwa kitupu. Selestine, mwenye duara, alikuwa amepiga magoti ng'ambo ya shimo na mtaimbo mkononi, akichomoa matimba. Matimba ni yale magogo yanayozuia kuta zisikutane. Alikuwa amefungua duara jipya, na magogo siku hizi ni shida kupata. Kwa hiyo mtu mwenye pikipiki mbili, anayevaa miwani ya jua hadi msibani, akaona achomoe magogo juu ya kichwa cha mfanyakazi wake.

Mawili alishayaweka pembeni. Akainama, akauliza kama kuna mtu.

"Nipo. Napanda," Rubeni akajibu kutoka chini.

Selestine alisikia. Kama mimi nilisikia, yeye alisikia. Akachomoa la tatu.

Nikachungulia. Taa ya kichwani mwa Rubeni ilikuwa imefika nusu ya ngazi, imeelekea juu, inanitazama. Kisha udongo ukaizima.

Selestine aliinua uso, tukaonana. Akabeba magogo yake mawili akaondoka. Hata kukimbia hakukimbia.

*

Mengine mliyoyasoma ni kweli. Saa moja baadaye Selestine alikuwa wa kwanza kufika na koleo, jasho limemjaa, akiwaambia watu kwamba mchana wote alikuwa Nyamisangura kutafuta kamba. Rubeni alitolewa kesho yake. Na kabla hatujamaliza matanga Selestine akaanza kusema, kwa huzuni kubwa, kwamba marehemu alikuwa akiiba matimba na ndiyo yaliyomwangukia.

Udongo ule ulisukuma hadi duara la jirani, ukavunja miguu ya watu wawili wa ukoo mwingine. Ukoo wao ukadai haki. Kama Rubeni ndiye aliyechomoa magogo, basi mji wake uhame kijijini. Mji wa Rubeni ni nini? Ni mama yangu Efrazia, mimi, nyumba ya bati moja na mahindi yaliyokuwa bado mabichi. Mama angerudi kwa kaka zake Nyambureti, kwa umri wake, apewe kona nyuma ya jiko na kuitwa mgeni na watoto wa kaka zake.

Mtauliza kwa nini sikusema. Ningesemaje? Kusema nilimwona Selestine ni kusema nilikuwa mdomoni. Kilima kizima kingesema, kumbe udongo ulikasirishwa na huyu. Naye Selestine asingeweza kusema aliniona, kwa sababu yeye alikuwa Nyamisangura anatafuta kamba. Tukafungana midomo, mimi na yeye, kama watu waliooana.

Na hata ningetaka kusema, kulikuwa na ile taa.

Sikuwa naikumbuka. Ilikuwa inakuja. Nikimimina uji, hiyo hapo. Nikifunga kilemba, hiyo hapo, inanitazama, halafu udongo. Nimeungua mkono huu wa kushoto mara tatu, wateja wakacheka wakasema Waisiko anapika ngozi. Mchungaji akasema nina roho ya duara. Shangazi akasema nile maini. Kila mtu alikuwa na ushauri, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia shimo refu kuliko la choo.

Ritongo la kwanza nilijaribu. Ritongo ni kikao cha wanaume wa kijiji wanapokaa kuamua mambo ya kimila, na mwanamke husimama pale akiulizwa tu. Mzee Kisyeri, anayekiongoza na ambaye sote tunamwita tata, yaani baba, aliuliza kama nyumba ya marehemu ina neno. Nikasimama. Nikafungua mdomo, taa ikaja, nikabaki hivyo, mdomo wazi. Sijui ni muda gani.

"Huyu anakamata nzi," mtu mmoja akasema.

Wakacheka, wazee wenye mvi, kwenye shauri la mtu aliyekufa. Nikakaa. Mama akapewa wiki mbili mpaka ritongo la pili, na baada ya hapo ni kufunga mizigo.

Nilijidharau siku ile kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote. Na mimi, ingawa siongei, nimewadharau watu wengi.

*

Siku mbili baadaye akaja nesi Dorka.

Ni Mjaluo mwenye dada zake Migori, na Kiswahili chake kimezoea ng'ambo ya mpaka, Kenya. Alikuwa anapita machimboni na wenzake wa utafiti, wakitafuta watu walioona vifo ambao picha haziwatoki. Wanawake wa kibandani wakaninyooshea kidole wote kwa pamoja, kama wamefanya mazoezi.

Akaketi, akanywa uji wangu, akatoa mfukoni simu ya kitochi. Akabonyeza, akanionyesha gemu. Vitofali vinashuka kutoka juu, kimoja kimoja, kila kimoja na umbo lake, nawe unavigeuza vikae bila kuacha nafasi.

Nilimtazama mwanamke huyu. Kaka yangu amekufa, ananipa kitu cha kuchezea watoto. Sikusema, lakini uso wangu haujawahi kujifunza adabu, akausoma.

"Sikiza, dadangu," akasema. "Sijakuletea furaha. Nataka kuyapa macho yako kazi."

Akanieleza polepole. Ile picha inakaa mahali kichwani ambapo macho ya ndani yanafanyia kazi. Na vitofali, ukivigeuza kichwani kabla hujabonyeza, vinataka mahali palepale. Kwa hiyo kila siku niiguse picha kwanza, kidogo tu, pumzi moja, nijue ipo. Halafu nicheze dakika ishirini bila kuacha. Picha ikitaka kurudi kukaa vizuri, ikute vitofali vimejaa.

"Inafuta?" nikauliza. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake.

"Haifuti. Ukitaka kukumbuka, utakumbuka yote, mpaka rangi ya kikombe. Inapunguza tu ile kujileta bila kuitwa. Na haisaidii kila mtu, ndiyo maana tunauliza wengi. Usiende kutangaza."

Akaniachia kitochi na kalamu. Kila taa ikija bila kuitwa, nipige kijiti nyuma ya kaunta buku yangu.

Vitofali vilinidharau mwanzoni. Vilijaa mpaka juu kabla sijajua kidole kipi kinageuza. Siku ya kwanza nilipiga vijiti kumi na tisa. Siku ya tatu nikajikuta naosha sufuria na kugeuza tofali refu kichwani, natafuta pa kulilaza. Siku ya tano, vijiti sita. Siku ya nane, kimoja.

Ni gemu au ni siku tu zilikuwa zinapita? Sijui. Dorka mwenyewe alisema kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kujua. Ninachojua ni kwamba nilimimina uji vikombe arobaini bila kuungua.

Lakini nani alifurahi? Mama alikigeuza kiti chake asinione. Tangu msiba alikuwa hasemi zaidi ya salamu, na siku ile alisema mara moja tu, akitazama ukuta.

"Mwenzako yuko chini ya udongo. Wewe unapanga matofali."

Nilitaka kumwambia kwamba ni kwa ajili yake, niweze kusema kwenye ritongo. Nikainama nikaendelea kupanga.

*

Sasa Simoni. Wanaonifuata tangu mwanzo wanamjua. Kwa wapya: ndiye aliyekuwa mchumba wangu, na anafanya kazi kwenye kambi ya watalii upande wa Natta. Yeye husema anawaongoza wageni. Anabeba sahani zao.

Alikuja kuniona, akanikuta na kitochi. Nikamweleza alivyosema Dorka. Kosa langu hilo. Unamwambia Simoni kitu kina miguu miwili, kinamtoka mdomoni kina minne.

Akasema anaijua gemu hiyo, amewasikia Wazungu wakiizungumza mezani. Inafuta kabisa. Kuna askari mmoja wa kwao aliicheza mpaka akasahau vita yote, akasahau na mke. Nikamwambia Dorka amesema haifuti. Simoni akanicheka, akaniuliza Dorka amewahi kuhudumia Mzungu lini.

Kisha akanieleza kilichomleta. Mama yake amesema hawezi kupokea mkwe anayecheza gemu kwenye matanga, na yeye, Simoni, hawezi kumpinga mama. Aliyasema haya huku akila chapati yangu. Alipomaliza akaomba nyingine ya njiani.

Hakwenda Natta moja kwa moja. Alipitia kwa Selestine, kwa sababu amekuwa akimbembeleza ampe kazi ya usimamizi kilimani, na mtu wa aina ya Simoni haendi kuomba kazi bila kubeba habari. Akamweleza yote: dada wa marehemu, vitofali, askari aliyemsahau mke.

Kesho yake asubuhi pikipiki ikasimama kibandani.

Selestine alishuka na miwani yake. Akamsalimia mama kwa sauti ya kanisani. Akatoa simu ya kupangusa, mpya, kioo kikubwa kama kigae, na gemu ya vitofali imeshawekwa ndani, ya rangi.

"Cheza, binti yangu," akaniambia. "Cheza usiku na mchana. Chaji ikiisha, leta kwangu, sola ipo."

Wanawake wa kibandani wakapiga vigelegele. Wakasema huyu ndiye tajiri mwenye utu. Mmoja akasema laiti duara lingemfukia mume wake.

Nilishangaa kwa dakika moja. Halafu nikaelewa, na sijawahi kumdharau mtu kwa raha kama siku ile. Jitu zima, mwenye watu thelathini chini yake, aliyeua mtu kwa ajili ya gogo, alikuwa amekuja kunifuta kwa matofali ya rangi. Hakumuuliza Dorka, aliyekuwa umbali wa kibanda kimoja. Alimwamini mbeba sahani.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Kioo kikubwa kilikuwa kizuri zaidi.

Akawa anapita kila baada ya siku mbili. Anasimama juu yangu, ananiuliza kama bado naona vitu. Mimi natazama chini, kama ninavyomtazamia kila mtu chini. Siku moja, watu wakiwa mbali, akainama.

"Siku ile, Waisiko. Mimi nilikuwa wapi?"

Nilitazama viatu vyake. Sikujibu. Sijawahi kumjibu mwanaume wa umri wake kwa mara ya kwanza ya kuulizwa, hata akiuliza chumvi iko wapi. Lakini Selestine hakuwahi kunijua, kwa hiyo alichokiona ni msichana mtupu kichwani.

Akatabasamu. Akanipigapiga begani kama ng'ombe aliyekubali kuingia zizini. Kuanzia siku hiyo akaanza kusema hadharani kwamba kwenye ritongo la pili yeye mwenyewe ataomba niulizwe.

*

Ritongo lilikaa asubuhi, jua likiwa bado halijachoma. Walikuja wanaume wengi kuliko mara ya kwanza. Wale wawili wa miguu iliyovunjika waliletwa kwa baiskeli, wakalazwa mbele ili wote wawaone. Wanawake tulikaa pembeni. Mama alikuwa amevaa viatu vyake vya safari. Alishafunga sufuria mbili kwenye shuka.

Selestine alisimama, akazungumza vizuri. Alisema haoni sababu ya kumwonea mama mjane. Amemlea hata dada wa marehemu kama binti yake, simu anayochezea amempa yeye. Kisha akavua miwani, jambo ambalo hakulifanya hata kaburini.

"Mwulizeni huyo binti. Kama yupo mtu duniani mwenye neno juu yangu, awe yeye."

Mzee Kisyeri akanigeukia. Akasema nisimame.

Nikasimama. Mtu mmoja nyuma akasema nzi wamekuja tena. Nikasubiri taa ije.

Haikuja.

Basi nikaiita mwenyewe. Nikasema moyoni, Rubeni, njoo. Ikaja. Ikakaa pale nilipoiweka, kama tofali, nami nikaizunguka nikaitazama pande zote.

Nikawaambia. Sauti ilikuwa ndogo, Kisyeri akawaamuru watu wasikohoe. Nikataja mtaimbo, magoti ya Selestine, magogo mawili pembeni. Nikasema aliuliza kama kuna mtu, na Rubeni alijibu nini. Nikasema la tatu lilitoka kwa mkono upi. Sikulia. Nilikuwa kama mtu anayesoma kilichoandikwa, mimi ambaye darasa la tano nilishindwa kusoma mistari miwili mbele ya wenzangu.

Mwisho nikasema Rubeni alikuwa akichonga msalaba mdogo kwa sururu kwenye kila gogo alilolisimika yeye. Waende wakatazame magogo ya juu kwenye duara jipya la Selestine.

Kisha Selestine akasema kitu ambacho nitakisikia mpaka nazeeka. Alikisema kama mtu aliyedhulumiwa sokoni.

"Lakini umecheza."

"Amecheza nini?" Kisyeri akauliza.

"Hiyo gemu. Siku kumi na moja. Inafuta. Simoni amesema inafuta."

Simoni alikuwepo, amekaa karibu na tajiri wake mpya. Akaanza kusogea, matako yakiburuzika kwenye majani, mpaka akawa amekaa na watu wengine.

Kisyeri akatuma wanaume wawili kilimani. Akaniambia nilete hiyo simu, nikampa, akaiweka miguuni pake kifudifudi kama kitu kinachoweza kuuma. Tukasubiri. Hakuna aliyecheka. Wale wawili waliporudi, mmoja alikuwa ameshika kipande cha gamba la gogo, na juu yake msalaba wa Rubeni.

Kikapita mkono kwa mkono. Wa miguu iliyovunjika wakakishika muda mrefu.

Basi, Kisyeri akasema, mji wa Rubeni hauhami. Mama hakupiga kelele. Aliinama akavua viatu vya safari, kimoja, kingine, akaviweka ubavuni.

Ningekuwa na bahati, hadithi ingeishia hapo na leo mngeishia kusoma mpira. Lakini Kisyeri ni mzee anayesikiliza, na mtu anayesikiliza ni hatari.

"Waisiko," akasema. "Kwenye uzi, magoti ya Selestine hayaonekani. Uliyaona haya umesimama wapi?"

Nilijua litakuja. Nilikuwa nimelijua tangu mwanzo, hata nilipowaandikia ninyi uongo. Bado nilitazama chini kuitafuta simu, na simu ilikuwa miguuni pake.

"Mdomoni."

"Mdomoni mwa kibanda?"

Alikuwa ananipa mlango, Mungu ambariki. Sikuutumia.

"Mdomoni mwa duara, tata. Nilivuka uzi. Nilimpelekea uji."

Wachimbaji wakasimama wote kwa pamoja. Wanaume walewale ambao dakika moja kabla walikuwa wakimtazama Selestine kama mzoga, sasa wakanitazama mimi. Mmoja akasema ndiyo maana. Mwingine akasema tangu siku ile dhahabu haionekani, kumbe. Na Selestine, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akapumua. Akavaa miwani.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Magogo nimechomoa miaka kumi. Halijaanguka hata duara moja. Ni lini limeanguka? Siku mwanamke alipovuka."

Na watu wazima wakatikisa vichwa. Msalaba wa gogo walikuwa wameuona kwa macho. Lakini kwao uzi wa gunia ndio ulioangusha kilima.

Ningewadharau wote nikaenda zangu nyumbani. Nilikuwa nimeshaanza. Lakini mama alisimama.

Mama hajawahi kusimama kwenye ritongo. Alikuja peku mpaka mbele yangu, karibu, kama alivyokuwa akija kunikagua shingo nilipokuwa mtoto. Hakuuliza habari ya uzi.

"Taa yake uliiona?"

"Niliiona, mama."

"Ilikuwa imeelekea wapi?"

Nikainua uso.

"Juu."

"Mtu anayepanda ngazi anatazama ngazi," mama akasema. "Aliyasimamisha macho yake nani?"

Sikuwahi kujiuliza. Siku zote taa ile ilikuwa inanitazama, na katika vijiti vyote nilivyopiga kwenye kaunta buku, sikuwahi hata mara moja kujiuliza kwa nini. Aliuona uso wangu, akasimama. Labda aliduwaa kwamba nimevuka. Labda alifurahia uji. Nusu ya ngazi, na gogo la tatu bado linatoka. Angeendelea kupanda, je?

Ndipo ilipokuja. Kweupe, mbele ya watu wote, bila kuitwa. Na safari hii sikuona taa peke yake, niliona na mguu. Mguu wake mmoja ulikuwa umeinuliwa, haujafika kwenye kidato cha juu, umesubiri.

Kisyeri akainua fimbo, wachimbaji wakanyamaza. Akasema maneno yamekuwa mawili, na yeye si mtu wa kugawa kifo cha mtoto wa mwenzake. Leo mwenye msiba ndiye atakayesema. Atakayemnyooshea kidole, huyo ndiye atakayehama kijiji kabla jua halijazama.

"Efrazia," akasema. "Nani?"

Selestine akaacha kupumua tena. Mimi nilikuwa natazama ule mguu.

Mama akainua mkono. Kidole kilianzia kwa Selestine.

Hakikusimama hapo. Kikaendelea kuja upande wangu.